Kuzikana Tu Hakutoshi



Mwezi huu tuzungumze juu ya jino. Msicheke. Mama mmoja aliletwa wodini kwetu akiwa amevimba shavu na shingo, ana homa kali, hawezi kumeza hata mate. Jino lake lilikuwa limeoza kwa miezi mingi, naye akawa analitia karafuu tu. Nilipomwuliza kwa nini hakuja mapema, alijibu kuwa hakuwa na fedha ya kuling'oa. Baadaye nikajua kwamba yeye ndiye mtunza fedha wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwao. Kopo la michango lilikuwa chini ya kitanda chake! Katiba ya chama iliruhusu kununua jeneza, sanda na chakula cha wafiwa. Jino halikutajwa.

Namshukuru Mungu, mama yule alipona. Lakini alinikumbusha habari za Paul Revere wa Boston, Marekani. Wamarekani humkumbuka kwa safari yake ya farasi usiku wa tarehe 18 Aprili 1775, alipowaonya watu kuwa askari wa Uingereza wanakuja. Alikuwa mfua fedha, na tangu mwaka 1768 alitangaza gazetini kwamba anafunga pia meno ya bandia. Vilevile alikitumikia chama cha Freemason maisha yake yote: alijiunga mwaka 1760, na toka mwisho wa mwaka 1794 hadi 1797 alikuwa mkuu wake katika Massachusetts.

Najua jina hilo linavyotisha hapa kwetu. Kanisa linawakataza Wakatoliki kujiunga na chama hicho. Lilisema hivyo mwaka 1983 na likarudia mwaka 2023. Basi simwiti mtu huko. Nataka tujifunze jambo moja tu.

Katika loji yake Revere alikuwa na rafiki, Daktari Joseph Warren. Daktari huyu aliuawa katika mapigano ya Bunker Hill tarehe 17 Juni 1775, akafukiwa hapo hapo na maadui. Waingereza walipoondoka Boston Machi 1776, ndugu na marafiki walikwenda kumtafuta. Sura ilikuwa haitambuliki tena. Revere alimtambua kwa jino la bandia alilomfunga yeye mwenyewe kwa waya. Tarehe 8 Aprili wakamzika kwa heshima kubwa, pamoja na taratibu za chama chao.

Habari nzuri, sivyo? Lakini tuifuate hadi mwisho. Warren alikuwa mgane, akaacha watoto yatima wanne. Mwaka 1778, miaka miwili baada ya mazishi yale makubwa, Jenerali Benedict Arnold alisikitika kusikia kwamba watoto hao wamesahauliwa na serikali, akatoa dola 500 za kuwasaidia.

Maziko yalifana, watoto wakabaki na shida. Je, sisi si hivyo hivyo? Mwenzetu akifa tunafika wote, tunachanga, tunapika. Alipokuwa akiugulia ndani, nani alibisha hodi?

Revere mwenyewe, mwaka 1799, alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi ya Afya ya mji wa Boston. Kazi yake ilikuwa kuzuia magonjwa kabla ya msiba. Kwa maoni yangu, utumishi huo ulipita fahari yote ya loji.

Wengine watasema fedha ya msiba haiguswi. Sawa, isiguswe. Wekeni kopo la pili, la matibabu, hata kama kila mmoja atatoa kidogo tu. Gharama ya kutibu jino moja ni ndogo kuliko ya jeneza.

Nyumbani nako tusilale. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Watoto waanze mara jino la kwanza linapoota. Punguzeni pipi, soda na chai yenye sukari nyingi. Jino likiuma, nenda likatazamwe. Ukiona uvimbe chini ya taya, homa, au shida ya kumeza au kupumua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Jumapili hii, baada ya sala ya jumuiya, mwulize jirani yako anaumwa nini. Mjue angali hai.