Vifaa vya dijitali: Tumpe mwanafunzi nafasi ya kuumba

Jioni moja ya muhula wa pili, nikiwa njiani kurejea nyumbani hapa mtaani Huruma, jijini Eldoret (maana tangu tarehe 15 Agosti 2024 tulipokabidhiwa hati, yatupasa kusema jiji), nilipitia katika kijiduka cha huduma za kompyuta, vile ambavyo wakazi huviita saiba, ili nitoe nakala ya waraka fulani. Nilikuta foleni ya wazazi. Mama mmoja aliyekuwa amefunga genge lake la mboga mapema alimsomea kijana wa saiba maagizo yaliyoandikwa katika daftari la mwanawe wa Gredi ya Nne: picha za wanyama watano wa kufugwa, ziwe na rangi. Kijana akabofya mara mbili tatu, akachagua, akachapisha. Ng'ombe aliyetokea alikuwa ng'ombe wa Ulaya, mwenye kengele shingoni, na nyuma yake ilionekana milima yenye theluji. Mama akalipa, akaikunja ile karatasi kwa uangalifu, akaenda zake. Nje ya mlango kuku wawili walikuwa wakichakura, na mbuzi wa jirani akitafuna maganda ya ndizi.

Sikisimulii kisa hiki kwa nia ya kumcheka mama yule, ambaye alitimiza wajibu wake kwa pesa alizozipata kwa jasho. Wala sina nia ya kumlaumu mwalimu, ambaye huenda ana wanafunzi sabini na vitabu thelathini. Ninalouliza ni swali moja tu: katika shughuli ile yote, ni nani aliyeumba kitu? Mtoto hakuumba. Mama hakuumba. Kijana wa saiba alichagua picha iliyoumbwa na mtu mwingine, ng'ambo ya bahari. Na bado kesho yake mtoto yule angepewa alama kwa umilisi uitwao ujuzi wa kidijitali, ambao ni mmojawapo wa umilisi saba wa kimsingi katika mtaala wetu.

Msomaji atakumbuka tulikotoka. Katika kampeni za uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilizongwa na mizozo ikabatilishwa, na ilipofika 2016 ndipo vifaa vilipoanza kuwasili shuleni, navyo kwa wanafunzi vilikuwa vishikwambi. Sisi wa Eldoret tulikuwa na sababu ya ziada ya kujivunia, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Moi, kwa ushirikiano na kampuni ya JP SA Couto kutoka Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo, na vifaa vikaunganishwa papa hapa kwetu. Hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Kila shule ilipata vishikwambi vya madarasa ya chini, vipakatalishi viwili vya walimu na projekta moja, na shule nyingi zilizokuwa gizani zikaunganishiwa umeme. Hayo si mafanikio madogo, na anayeyabeza hajui shule zetu za vijijini zilivyokuwa.

Lakini viko wapi vifaa hivyo leo? Katika shule nyingi nilizozitembelea nikiwakagua wanafunzi wangu wakati wa mazoezi ya kufundisha, vimo kabatini. Vingine vimekufa betri. Vingine vimefungiwa kwa kufuli mbili kwa kuwa mwalimu mkuu anahofia kudaiwa kimojawapo kikiibwa. Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto walikwenda nyumbani na vishikwambi vikabaki shuleni, wakati ambapo vingehitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Hata hivyo, wizi na betri si kiini cha tatizo. Kiini ni kwamba tangu mwanzo vifaa vile vilidhaniwa kuwa vitabu vyenye mwanga. Vilijazwa masomo tayari, mtoto aguse, asikilize, ajibu maswali ya kuchagua, kifaa kimwambie amepata au amekosa. Mtoto anayetumia kifaa kwa namna hiyo hana tofauti kubwa na yule aliyesikiliza vipindi vya shule redioni katika enzi za Sauti ya Kenya, isipokuwa yule wa zamani alilazimika angalau kuichora picha akilini mwake.

Hoja hii haikuanza kwetu wala haikuanza jana. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alifanya kazi na Jean Piaget kule Geneva kabla ya kuhamia Marekani, na mwaka 1967 yeye na wenzake wakabuni Logo, lugha ya kompyuta iliyokusudiwa watoto. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta, si kompyuta kumwamuru mtoto, na kwamba mtu hujifunza vyema zaidi anapotengeneza kitu ambacho wengine wanaweza kukiona na kukijadili. Katika chuo hicho hicho alichofundisha Papert ndimo ilimozaliwa Scratch mwaka 2007, programu isiyolipiwa ambayo mtoto hupanga vipande vya amri kama matofali, akaunda hadithi inayotembea au mchezo. Inaweza kutumika bila intaneti. Tena inapatikana kwa Kiswahili, jambo ambalo walimu wengi niliowauliza hawakuwa na habari nalo.

Mimi mwenyewe ni zao la mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya kamati ya Mackay, nao ulihubiri kujitegemea na kazi za mikono. Wazazi wetu walichanga harambee wakajenga karakana. Tulitakiwa kusuka, kuchonga na kufinyanga. Nakumbuka vizuri siku ya kukabidhi kazi zetu za sanaa: mwenzangu mmoja alileta kikapu kizuri ajabu kilichonunuliwa sokoni, akapata alama nyingi kuliko mimi niliyesuka changu kikapinda upande mmoja. Karakana ile baadaye ikawa ghala ya mahindi, na masomo yenyewe yakapunguzwa mitihani ilipofanyiwa marekebisho mwanzoni mwa miaka ya 2000. Picha ya ng'ombe wa Ulaya iliyochapishwa saiba ni kikapu kile kile cha sokoni.

Hapa naomba niingie katika uwanja wangu, uwanja wa lugha, kwa kuwa naamini ndiko jambo hili linakoamuliwa. Mtu haumbi kwa lugha asiyoimiliki. Huruma ni mtaa wa makabila mengi. Katika ploti moja utamkuta Mnandi, Mluhya, Mkikuyu, Mturkana na Mjaluo wakitumia bomba moja la maji, na watoto wao wakicheza pamoja kwa Kiswahili, kile cha mtaani kilichochanganyika na Sheng. Sera ya lugha yetu, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 hadi mtaala wa sasa, inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na katika mtaa kama huu lugha hiyo bila shaka ni Kiswahili. Lakini mlango wa darasa ukifungwa, Kiingereza ndicho hushika usukani, na kifaa kikiletwa, kinazungumza Kiingereza. Mtoto basi hukabiliwa na ugeni mara mbili: ugeni wa chombo na ugeni wa lugha. Si ajabu akikaa kimya na kubofya anapoambiwa abofye.

(Nilipokuwa mwanafunzi, wataalamu wetu walibishana kwa hamasa kubwa iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mjadala ulikuwa mtamu. Laiti nusu ya nguvu zile ingetumika kuuliza mtoto atakitumia chombo chenyewe kusema nini!)

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya kufundisha katika shule isiyo mbali na hapa hakupewa ufunguo wa kabati. Alikuwa na simu yake tu, kioo chake kimepasuka pembeni. Darasa lake la Gredi ya Tano lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Aliwagawa katika makundi, akawaambia watunge kisa kuhusu Mto Sosiani. Wakachora picha kwa penseli, akazipiga picha kwa simu. Wakasimulia kwa sauti, akawarekodi. Kisha kila kundi likasikiliza sauti yake na kuandika sentensi moja chini ya kila picha. Mfano wake aliupata katika tovuti ya African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambayo tangu 2014 imetoa bure hadithi za picha katika lugha nyingi za Kiafrika, zikiwemo lugha zetu za Kenya. Lililo kubwa zaidi ni kwamba inamruhusu mtu yeyote kutafsiri hadithi, kuibadilisha au kuandika yake mwenyewe.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa na fomu yangu ya ukaguzi. Kundi moja lilikuwa na jogoo aliyekuwa akipelekwa sokoni akachoropoka. Mtoto mmoja akaandika, "Jogoo alihepa." Mwenzake akampinga kwa ukali: hiyo ni Sheng, mwalimu atakata alama, andika "alitoroka." Wakavutana mpaka mmoja akaenda kwa mwalimu kuomba kamusi. Neno wakalikuta humo, Kiswahili safi kabisa, likiwa na maana ya kukwepa. Basi ukazuka mjadala wa pili: je, jogoo alikwepa au alitoroka, na kuna tofauti gani? Nimefundisha semantiki chuo kikuu kwa miaka mingi, na sikumbuki semina iliyojadili maana kwa joto kama lile. Watoto wale hawakufungua kamusi kwa kuwa waliagizwa. Waliifungua kwa kuwa kisa kilikuwa chao, na kilikuwa kitasikilizwa na darasa zima.

Sikusudii kudai kwamba simu ile ndiyo iliyofanya muujiza, kwani penseli na karatasi zilifanya kazi kubwa. Kilichoongezwa na simu ni mambo mawili. Sauti ya mtoto ilirudi kwake akaisikia, akajirekebisha bila kukaripiwa. Tena kazi ilipata wasikilizaji wengine zaidi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Wanaohudhuria tamasha za kitaifa za drama na filamu za shule wanalijua jambo hili, kwani wamewaona vijana waliotajwa kuwa wazito darasani wakikesha wakihariri filamu ya dakika chache.

Walimu watanijibu, na wana haki, kwamba mimi nasema nikiwa chuoni. Darasa la watoto sitini ni kelele. Data hununuliwa kwa pesa za mwalimu. Muda wa somo ni mfupi, na silabasi lazima imalizwe. Nakubali yote hayo, na naongeza jingine: mwalimu mwenyewe aghalabu hajawahi kuumba chochote kwa kifaa hicho, kwa kuwa mafunzo aliyopewa yalihusu kukiwasha, kukizima na kufungua masomo yaliyomo. Majirani zetu wa Tanzania, baada ya Sensa ya Agosti 2022, walivigawa kwa walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Yawezekana nao wana malalamiko yao, lakini wazo la kuanza na mkono wa mwalimu ni wazo la busara. Mwalimu ambaye hajaandika hadithi hawezi kuuongoza mkono wa anayeiandika.

Kuna jingine lililozuka tangu mwishoni mwa 2022, nalo ni akili mnemba. Mzazi wa mama mboga bado yuko katika foleni ya saiba. Mwanafunzi wa shule ya kifahari ameshapiga hatua, anaiagiza programu imtungie insha, nayo inatunga kwa sarufi isiyo na doa. Wengi huliona hilo kuwa maendeleo, na pengo la kidijitali kwao ni baina ya hawa wawili. Mimi naona wote wawili wako katika foleni moja. Kila mmoja amepokea kitu kilichoumbwa kwingine na kukikabidhi kwa jina lake. Tofauti ni bei na mwendo. Insha za aina hiyo sasa zinanifikia chuoni, nami huzitambua si kwa makosa bali kwa ukosefu wa mahali: hazina mtaa, hazina mto, hazina jogoo.

Kwa hiyo, kabla ya kudai vifaa vipya, tuanze na maagizo yanayoandikwa katika daftari. Mwalimu akiandika "leta picha tano za wanyama," saiba itafanya kazi hiyo. Akiandika "mhoji jirani anayefuga, mchore mnyama wake, kisha uje utusimulie kwa sauti anamwitaje na anamlisha nini," hakuna duka litakalouza jibu. Wanaoandaa miongozo ya tathmini za shuleni nao waseme wazi kwamba rekodi ya sauti kwa Kiswahili, mchoro wa mkono na kitabu kidogo kilichotungwa na darasa ni kazi halali za kupewa alama. Na vyuo vya ualimu, kikiwemo kitivo changu, visimpe mwalimu cheti mpaka awe ametunga pamoja na watoto walau hadithi moja na kuiweka mahali watu wanapoweza kuisoma.

Wiki iliyopita nilipita tena pale saiba. Kazi ya siku hiyo ilikuwa picha za vyombo vya usafiri. Kijana alikuwa ameshachapisha nakala ishirini mapema, zote za aina moja, amezipanga mezani akiwasubiri wateja. Nilimwuliza amejuaje. Akanijibu kwamba mwaka uliopita muhula kama huu waliagizwa hizo hizo.