Kazi Yako Imelala Wapi?

Mwanafunzi anayeanza kujifunza kompyuta hufundishwa kwanza majina: hiki ni kioo, hii ni kibodi, hiki ni kipanya. Majina hayo si magumu, na mtoto msikivu huyashika yote kwa siku moja. Lakini liko swali ambalo wengi hawaliulizi mpaka siku ya msiba: maneno haya ninayoyaandika sasa hivi, yako wapi? Twaona yafaa kulijibu juma hili, kwa maana katika miji yetu umeme hukatika bila kupiga hodi, na kazi ya usiku mzima yaweza kupotea kufumba na kufumbua.

Kwanza neno moja juu ya jina. Katika shule zetu mashini hii huitwa kwa Kifaransa «ordinateur». Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1955 na Jacques Perret, mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, alipoulizwa shauri na kampuni ya IBM ya Ufaransa. Alieleza kwamba neno hilo lilikuwemo tayari katika kamusi ya Littré, nalo lilikuwa sifa ya Mungu, aliyeutia ulimwengu utaratibu. Jina kubwa mno kwa mashini! Kompyuta haina busara yake yenyewe. Hufanya yale tu iliyoamriwa, hata kama yaliyoamriwa ni upuzi.

Ndani yake mna kipande kidogo kiitwacho prosesa, ndicho kihesabucho. Hupiga mapigo bilioni mbili au tatu kila sekunde, na kwa kila pigo hupiga hatua ndogo ya kazi. Haijui herufi wala picha. Yajua tarakimu mbili tu, 0 na 1. Herufi ya kawaida huandikwa kwa tarakimu nane, na nane hizo huitwa baiti moja. Basi ukurasa wenye herufi 2,000 wachukua baiti 2,000. Gigabaiti ni baiti bilioni moja. Kwa hiyo kumbukumbu ya gigabaiti 4 yaweza kushika kurasa kama hizo 2,000,000. Nafasi si haba.

Lakini mashaka yenyewe yako hapa. Kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili, na wanafunzi huzichanganya. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ambayo Wafaransa huiita «mémoire vive». Yafanana na ubao wa darasani: huandikwa upesi, husomwa upesi, nayo hufutwa. Namna itumikayo zaidi ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM mwaka 1966. Kila tarakimu hutunzwa kama chembe ya umeme ndani ya chombo kidogo kabisa kisichoonekana kwa macho, na chombo hicho chavuja. Kisipojazwa tena, tarakimu hupotea. Basi mashini huvijaza vyombo vyote upya zaidi ya mara 15 katika kila sekunde, usiku na mchana, maadamu imewashwa. Umeme ukikatika, hakuna wa kujaza. Vyombo vyakauka, na insha yako imekwisha. Hakuna fundi atakayeirudisha, kwa sababu haikuandikwa popote pengine.

Kumbukumbu ya pili ni diski, nayo ndiyo daftari. Diski ya kwanza iliuzwa na IBM mwaka 1956: ilikuwa na sahani 50 zilizozunguka pamoja, ikashika herufi milioni tano tu, na uzito wake ulikaribia tani moja. Diski za siku hizi ni za namna mbili. Nyingine bado ni sahani zizungukazo, na maandishi yake hukaa kwa nguvu ya sumaku; nyingine, kama zile flashi mnazozitia mfukoni, hazina kitu kinachozunguka, bali umeme umefungiwa humo katika vyumba visivyovuja upesi. Zote mbili hutunza maandishi hata mashini ikizimwa kwa miezi.

Maneno uyaandikayo huingia kwanza ubaoni. Hayaingii daftarini mpaka uamuru, yaani ubonyeze neno «Enregistrer», au vibonye Ctrl na S pamoja. Programu nyingine hujihifadhia zenyewe kila baada ya dakika kadhaa, lakini dakika za katikati haziko mikononi mwa mtu. Fanya hivyo kila umalizapo fungu moja. Kompyuta ya kubebwa hukupa nafasi zaidi, kwa kuwa ina betri. Na katika betri nyingi za namna hiyo mna kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia nzima huchimbwa kwetu, katika nchi ya Kolwezi na Likasi.

Je, kazi ukiituma kwa intaneti, imelala wapi? Wengi hudhani imepaa angani, kwa sababu wauona mnara wa simu. Sivyo. Angani ni kipande kifupi tu cha safari. Intaneti ni njia ziunganishazo kompyuta za dunia, pamoja na sheria za kupitia humo, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983. Barua yako hukatwa vifurushi vidogo. Kila kimoja huandikwa anwani na namba, chaweza kupita njia yake, na mpokeaji huvipanga tena na kudai kilichopotea.

Njia hizo ni nyaya za kioo chembamba kama unywele. Mmoja, uitwao WACS, watoka Afrika ya Kusini hadi Uingereza kupitia chini ya bahari, nao uliunganishwa na nchi yetu huko Muanda mwaka 2013. Mwezi wa Agosti 2023 udongo uliporomoka katika bonde refu lililo chini ya bahari, mbele ya mlango wa mto Congo, ukaukata waya huo pamoja na mwenzake SAT-3. Meli Léon Thévenin ikatumwa kutoka Cape Town kuuvua na kuuunga, na wakati huo intaneti ilizorota katika nchi nyingi. Wasemapo kwamba kazi yako iko «katika wingu», fahamu kwamba iko katika diski ya kampuni fulani, ndani ya nyumba ya matofali, labda ng'ambo ya waya huo. Kwa hiyo weka nakala moja katika diski yako, nyingine katika flashi usiyoitia mfuko mmoja na kompyuta, na ya tatu huko mbali.

Tena, anayefanya kazi katika saiberi aangalie. Diski ile ni ya mwenye nyumba, na atakayeketi baada yako aweza kusoma ulichokiacha, hata barua zako. Kuondoka tu hakutoshi: bonyeza neno «Déconnexion», futa nakala uliyoihifadhi pale, ukatae mashini inapouliza kama ikutunzie neno lako la siri, kisha chomoa flashi yako.