Waya bado una kazi Mahege

Mwandishi wa makala amezipa ushindi spika za masikioni za Bluetooth kwa hoja kwamba waya ni kero, na wachangiaji hapo juu wamemuunga mkono. Huku Mahege, wilayani Kibiti, mambo ni tofauti. Simu nyingi za batani hazishiki redio ya FM sawasawa bila spika za masikioni za waya, kwa sababu waya wenyewe ndio antena. Ukichomolewa, taarabu inageuka mikwaruzo. Tena spika hizo za waya hazihitaji chaji, na anayetegemea sola ndogo ana simu na taa za kuhudumia kwanza.

Ila kilichosahaulika kabisa ni kelele, ndugu mwandishi! Abiria wa boti ya Nyamisati kwenda Mafia akivaa zile za plastiki ngumu, mngurumo wa injini unapenya, naye anapandisha sauti mpaka jirani anausikia wimbo. Zenye vijipira laini vinavyoziba tundu la sikio huzuia mngurumo, hivyo sauti ya chini inamtosha. Shirika la Afya Duniani linashauri kusikiliza kwa desibeli 80 kusizidi saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Anayenunua aombe saizi mbalimbali za vijipira azijaribu palepale dukani, maana masikio hayalingani.