Kikombe cha zawadi kiandikwe habari zake

Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere pale Butiama, yaliyofunguliwa mwaka 1999, yanatunza zawadi nyingi alizopewa Mwalimu na wananchi na wageni wa mataifa. Nyumba za kawaida za Musoma na Bunda nazo zina zawadi zake: seti ya bilauri, birika la chai na vikombe vyake, jagi la bati lenye maua, kibuyu kilichopambwa kwa shanga, vimekaa kabatini tangu harusi ya babu na bibi. Ninashikilia kwamba chombo cha namna hiyo hakijatunzwa kwa kufutwa vumbi na kufungiwa kabati peke yake. Kinatunzwa pale habari zake zinapoandikwa: kilitengenezwa wapi, kilikuwa cha kunywea nini, nani alikitoa na kwa sababu gani. Bilauri ikivunjika vipande huokotwa. Mzee aliyejua ilikotoka akiondoka, hakuna kinachobaki cha kuokota.

Asili ya chombo cha kiwandani haisumbui sana kuitafuta, maana viwanda vingi vilipiga muhuri kitakoni. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo zitaje nchi zilikotoka, na tangu hapo wafinyanzi wa Uingereza waliouza huko wakawa wanaandika “England”; maneno “Made in England” yalienea zaidi katika karne ya 20. Kikombe chenye jina la Czechoslovakia hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1918, kwa kuwa nchi hiyo ilizaliwa mwaka huo, na ikagawanyika mwisho wa 1992. Chenye maneno “Occupied Japan” ni cha miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, kwani utawala wa kijeshi wa Wamarekani huko Japani ulikoma mwaka 1952. Birika linalong'aa kama fedha lakini lina herufi EPNS si la fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha juu. Mambo haya mtu hujifunza kwa siku moja, na yanazuia familia isidanganywe na mnunuzi wa vitu vya kale, wala isijidanganye yenyewe.

Lakini muhuri unasema habari za kiwanda, hausemi habari za mtoaji, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kikombe cha Uingereza si ushahidi kwamba Mwingereza ndiye aliyekileta nyumbani. Huenda kilinunuliwa dukani na jirani aliyealikwa harusini, au kiliachwa na mmisionari. Pwani yetu inalo somo la wazi kuhusu hili. Makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole yalipambwa kwa bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo. Bakuli hizo hazimaanishi kwamba Wachina ndio waliozipachika. Vyombo vya namna hiyo vilipita mikono mingi ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, na mwishowe chombo cha mezani kikawa pambo la marehemu. Asili ni ile ile, kazi imebadilika kabisa. Anayesoma kitako peke yake ataandika “China” na kudhani amemaliza.

Kazi ya chombo ndiyo inayohitaji watu na macho. Vikombe vidogo visivyo na mkono, ambavyo mtoto angevichukua vya kuchezea, ni vya kahawa chungu ya Kiarabu, inayonywewa kwa mafunda pamoja na tende au halua, na mwenyeji huongeza kidogo kidogo. Warusi nao hutia bilauri ya chai ndani ya kibebeo cha madini chenye mkono, kiitwacho podstakannik, ili vidole visiungue. Kikitenganishwa na bilauri yake, mtu atadhani ni kombe la michezo. Kibuyu hakina muhuri kabisa, ila kinasomeka vizuri kwa anayejua: kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, cha maziwa husuguliwa ndani kwa kaa la mti maalumu, weusi na harufu ya moshi vikabaki. Wakurya na Wajaluo walikunywa pombe ya nafaka kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, kwa hiyo seti ya kunywea katika nyumba ya aina hiyo ilikuwa chungu na mirija, wala si vikombe sita juu ya sinia. Hata sayansi inaheshimu ushahidi wa matumizi: mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha mabaki ya maziwa, nyama na mimea katika vigae vya kale vya wafugaji wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda mkoani Manyara.

Wapo watakaosema kikombe ni kikombe, kinyweewe. Sipingi kukinywea; kuandika karatasi hakumzuii mtu kumimina chai. Wengine wanahofia kwamba kujulikana kwa thamani kutawaita wezi. Hofu hiyo ina msingi, na kwa sababu hiyo karatasi ikae na wenye nyumba, isitangazwe. Hoja nzito zaidi ni kwamba kumbukumbu za wazee hukosea. Ni kweli, na muhuri ndio wa kuzipima: mzee akisema seti ni ya wakati wa Mjerumani, uliokoma kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, na kitako kikataja Czechoslovakia, tarehe imeanguka, ila jina la mtoaji na sababu ya zawadi vinaweza kubaki sahihi. Visitupwe pamoja na tarehe.

Ningependa makumbusho ya Butiama yatenge siku katika mwaka ambapo familia za Musoma, Bunda na Butiama zitaleta vyombo vyao vya zawadi, wataalamu wasome alama, wazee waeleze kazi, na kila upande uondoke na nakala. Picha ya kitako, picha ya chombo kizima, jina la mtoaji, tukio, kinywaji, mwaka unaokisiwa na jina la aliyesimulia: karatasi moja inatosha. Aliyesimulia atajwe daima, ili atakayekuja baadaye na swali ajue ni ukoo gani aurudie.