Watani wa Jadi

Mei 25, 2025, Simba ya Dar es Salaam ilitoka sare 1-1 na RS Berkane ya Morocco katika uwanja wa Amaan, Unguja. Kombe la Shirikisho la Afrika likaenda zake, kwani kule Morocco Simba ilikwisha kulazwa 2-0. Basi barazani kwetu hapa Mombasa mashabiki wa Yanga walicheka mpaka kahawa ikapoa! Yanga hao mwaka 2023 walilikosa kombe lilo hilo mbele ya USM Alger, kwa mabao ya ugenini, na siku hiyo Simba ndio waliogeuka Waaljeria.

Wako wasemao kwamba kumwombea jirani afungwe na mgeni ni husuda. Mimi siafiki. Timu hizo huitwa watani wa jadi, na Nairobi pambano la Gor Mahia na AFC Leopards huitwa la mashemeji. Majina hayo ni ya ujamaa. Mtani katika mila ana ruhusa ya kukufanyia mzaha hata matangani, na aghalabu yumo katika wanaokuzika. (Tena ukitaka kuijua Simba mchezaji kwa mchezaji, muulize mtu wa Yanga.)

Nilichukialo ni jiwe. Machi 2012, uwanjani Nyayo, kadi nyekundu moja ilitosha kuwafanya mashemeji wazue ghasia, mchezo ukasimama. Mrusha jiwe askari na wamtoe nje. Mwenye kejeli wamwache akae kitako, kiingilio amelipa.