Sari na Sitara



Kila msimu wa harusi huja na mjadala wake majumbani. Binti ataka sari, mama anasita, na bibi anasema kuwa hilo si vazi la Kiislamu. Kabla ya kuhukumu, yafaa tujue vazi lenyewe limetoka wapi na limebadilika vipi, kwani sari ya leo si sari ya jana.

Kwa asili, sari ni kitambaa kimoja kisichokatwa wala kushonwa, chenye urefu wa mita 5 hadi 8 hivi. Haina dini. Mjini Varanasi, nchini India, sari za hariri na zari ambazo Wahindu huozeshea binti zao hufumwa kwa wingi na Waislamu wa jamii ya Ansari. Nchini Bangladesh, ambako Waislamu ndio wengi, sari ni vazi la kawaida la mama, na ufumaji wa jamdani, kitambaa chepesi cha pamba, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2013. Basi tusiikatae kwa jina lake, bali tuipime kwa sitara. Vipimo vyenyewe twavijua: nguo ifunike, isionyeshe mwili, wala isibane.

Tuanze na kufunika. Zamani wanawake wengi wa Bengal walijizungushia sari tupu, bila ya blauzi ndani, na vazi hilo halikufaa kutokea nje. Katika miaka ya 1860, Jnanadanandini Devi, shemeji yake mshairi Rabindranath Tagore, aliishi Bombay na kuona wanawake wa Kiparsi wanavyovaa. Aliporejea Kolkata alieneza uvaaji wa sari pamoja na blauzi na shimizi, ili mwanamke aweze kutoka akiwa amesitirika. Leo ni blauzi hiyohiyo inayokatwa mgongo, mikono na kiuno. Kipande kilicholetwa kusitiri ndicho kilichogeuzwa kufichua.

Pili ni kitambaa. Hariri na pamba nzito ziliuficha mwili. Mwanzoni mwa karne ya 20, Indira Devi, malkia wa Cooch Behar, alipendezwa na shifoni ya Ufaransa, na wakuu wenziwe wakamfuata. Kisha waigizaji wa filamu wakaieneza kwa umma. Shifoni ni nyepesi na yapendeza inavyoning'inia, lakini huonyesha kilicho chini yake.

Tatu ni mshono. Siku hizi kuna sari zilizokwisha kushonwa marinda, huvaliwa kama sketi kwa dakika chache. Wepesi wake ni neema kwa asiyejua kuifunga. Hata hivyo, nyingi hubanwa nyonga kama gauni la jioni, na kwa kuwa zina kipimo, hazimfai tena kila mtu kama kile kitambaa kizima ambacho mama aliweza kumrithisha bintiye.

Kwa hiyo, enyi akina mama, mazungumzo yenu na binti yahamie kwa fundi cherehani. Mwambieni ashone blauzi ya mikono mirefu, inayoshuka hadi chini ya kiuno. Shifoni itiwe bitana. Marinda yaachiwe nafasi, na ncha ya sari iwe ndefu ya kutosha kufunika kichwa na kifua, kama wafanyavyo akina mama wengi wa Bangladesh. Binti atapata pambo lake, nanyi mtapata utulivu.

Wapo watakaosema kwamba harusi zetu ni za wanawake watupu. Ni kweli, na hapo pana wasaa. Lakini simu nazo huingia ukumbini, na picha ikishatoka haizuiwi na pazia wala mlango. Jisitiri kama ambaye picha yake itafika mbali.

Wabillahi tawfiq.