KAVIMBA, HAJASHIBA!

Mimi nipo hapa hapa Chang'ombe, ila wiki mbili zilizopita nilikuwa nesi. Nesi wa samaki! Usicheke, bwana. Kama nyumbani kwenu kuna tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, kaa chini tuongee, maana yaliyonikuta mimi yanaweza kukukuta wewe kesho.

Tangi lenyewe si langu. Ni la mjomba, ambaye alipostaafu alirudi kwao Kigoma akaniachia lita 200 za maji, meza ya mninga aliyochongesha Keko, na samaki 14 aina ya Tropheus duboisi kutoka Ziwa Tanganyika. Kama huwajui, hawa wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe, utadhani kanga wa porini. Wakikua madoa yanapotea, kichwa kinakuwa cha buluu, na kiunoni wanavaa mkanda mweupe au wa njano. Wazungu wanawalipia fedha nzuri tu. Mjomba alipoondoka aliniambia neno moja: "Wakikuomba chakula, wanyime." Nikaona mzee ana roho mbaya.

Sasa ikafika ile Jumamosi ya mechi ya watani wa jadi. Nanyi mnajua sisi tunaokaa karibu na Uwanja wa Mkapa siku hiyo nyumba inageuka stendi. Binamu wa Mbagala, shemeji wa Kinondoni na marafiki zake, wote kwangu. Na duboisi hawana aibu, akipita mtu mbele ya kioo wanakuja mbio na midomo wazi kama hawajala tangu juzi. Basi kila mgeni akajifanya Msamaria. Huyu kipande cha chapati, yule ukoko wa mishkaki. Na mimi mwenyewe nikiri, tayari nilikuwa na mchezo wa kuwapa maini ya ng'ombe niliyosaga, ili wanenepe haraka mjomba akija Idi aseme kijana kafanya kazi.

Jumatatu nikaona mmoja kajitenga nyuma ya chujio. Nikatupa chakula, akakidaka, akakitafuna, akakitema. Akakidaka tena, akakitema tena. Nikasema huyu kashiba. Jumanne tumbo limevimba, anahema haraka haraka, na nyuma anatoa kinyesi cheupe, kirefu kama uzi. Shemeji, ambaye alikuwa bado hajaondoka (hiyo ni safu ya wiki nyingine), akatoa hukumu: "Huyo ana mimba."

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kosa hili wanalifanya wengi. Tropheus jike habebi mtoto tumboni. Akitaga mayai yake machache anayaokota na kuyatunza mdomoni karibu mwezi mzima, mpaka vitoto vitoke vinaogelea. Kweli, siku hizo hali sana na anaweza kujitenga, lakini kinachovimba ni kidevu, siyo tumbo, na ukimtazama vizuri unamwona anayageuza mayai mdomoni kama mtu mwenye pipi. Tumbo likivimba huku anatema chakula, hiyo si habari njema, ni msiba unapiga hodi.

Jumatano asubuhi nikamkuta anaelea. Na wengine wawili nao wameanza kutema. Nikapiga simu Kigoma.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mpwa wangu. Samaki hawajambo?"

Nikakohoa. Nikajaribu kuanza na habari za mechi. Mzee akanikata: "Umewapa nyama?"

Jamani, huyu mtu yuko zaidi ya kilometa elfu moja na ananiona! Akanipa darasa ambalo ningelipewa mapema tusingefika huku. Samaki huyu ziwani haishi kwa kuvizia nyama. Anakaa kwenye miamba, maji yasiyo na kina kirefu, anakwangua ule ukijani unaoota juu ya mawe kutwa nzima, kidogo kidogo. Chakula chenyewe ni hafifu, ndiyo maana utumbo wake ni mrefu sana, umejizungusha ndani ya tumbo kama mpira wa kumwagilia maua. Sasa wewe mtupie maini yenye mafuta. Yatakaa mle, usagaji utavurugika, na vijidudu ambavyo siku zote vilikuwa vinaishi utumboni kwa adabu vinapata nafasi ya kuzaliana. Wataalamu wanabishana mpaka leo ni kijidudu gani hasa mwenye kosa, wengine wanataja vile vya chembe moja vyenye mikia, wengine bakteria. Lakini wafugaji wengi wanakubaliana kwamba mlango unafunguliwa na chakula kisichofaa, maji machafu, au misukosuko kama kuhamishwa na kupigwa na wenzake. Ugonjwa huu wanauita uvimbe wa Malawi, kwa sababu ndugu zao wa Ziwa Nyasa, wale mbuna wanaokula ukijani wa mawe, nao unawamaliza vile vile.

Akaniambia jambo jingine lililoniuma: tumbo likishavimba kweli, umechelewa. Wachache wanapona, na wengi wanakufa ndani ya siku mbili tatu. Vita unaishinda pale samaki anapoanza kutema. Yaani Jumatatu, nilipokuwa nasema kashiba.

Basi nikaanza kazi. Kwanza, chakula marufuku kwa tangi zima, siku tatu. Hawafi. Hata wanaosafirisha samaki kwa ndege kwenda Ulaya huwafungisha kabla ya safari ili wasichafue maji mfukoni. Pili, nikabadilisha maji, karibu nusu, kwa maji ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo kwa saa 24 na pampu ya hewa ndani ili klorini itoke. Ukiyamwaga moja kwa moja kutoka bombani unaua hata wazima.

Tatu, dawa. Ni ile ile Flagyl ya binadamu, metronidazoli. Nikaenda duka la dawa, dada akaniuliza mgonjwa ana umri gani. Nikasema miaka miwili. Uzito? Gramu 30 hivi. Aliniangalia mpaka nikaanza kujieleza kama niko polisi. Kipimo kinachotumika sana na wafugaji ni miligramu 250 kwa lita 40 za maji. Kwa tangi langu inakuja 1,250, yaani vidonge sita na robo vya miligramu 200, vimesagwa na kukorogwa kwenye kikombe kwanza. Kila baada ya siku mbili unapunguza robo ya maji, unajaza mapya, unarudia, jumla mara tatu. Kama chujio lako lina mkaa, utoe, vinginevyo unafyonza dawa yote na wewe unabaki unashangaa. Pampu ya hewa isizimwe. Umeme nao ukajikatia Alhamisi usiku, nikakaa na kikombe nachota maji na kuyamwaga kutoka juu mpaka saa tisa. Mapenzi hayo!

Pia niliweka chumvi ya haluli, ile ya kuharisha, siyo ya jikoni, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 40, imeyeyushwa kwanza. Kazi yake ni kulegeza tumbo na kupunguza maji yaliyojaa mwilini.

Watano walikufa. Mmojawapo ndiye aliyekuwa dume mkubwa, bosi wa tangi, na alipoondoka tu wakaanza kupigania kiti chake. Nikalazimika kupanga upya mawe yote ili kila mmoja aanze kutafuta eneo upya. Wakatulia. Siku ya tisa wote waliobaki walikuwa wanakula na kumeza.

Siku hizi wanakula mara mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja hivi, na Ijumaa hawali kabisa. Chakula ni punje zenye spirulina, ule mwani ambao heroe wanaufuata Ziwa Natron. Punje zikiadimika nawachemshia mchicha kidogo bila chumvi wala mafuta, au njegere iliyomenywa ganda. Na kuna ujanja wa bure ambao mjomba alinifundisha: weka mawe meupe kwenye beseni la maji pale uani, jua liyapige wiki mbili, yakiota kijani unayatumbukiza kwenye tangi. Wanayashambulia kama wapo nyumbani kwao. Majirani wanadhani nafanya uganga.

Tahadhari moja, usije ukaninukuu vibaya. Siyo kila samaki ni mla majani. Frontosa anatoka ziwa hilo hilo na yeye anakula wenzake wadogo, mchicha atakutazama tu. Ndiyo maana kuwachanganya tangi moja ni kujitafutia kesi, chakula cha huyu ni sumu ya yule. Ukinunua samaki, muulize muuzaji anakula nini kabla hujauliza bei.

Mjomba kaja Idi kama alivyoahidi. Akavuta kiti mbele ya tangi, akahesabu kwa kidole, kimya. Tisa. Akahesabu tena. Kisha akaniomba funguo ya kabati ninamoweka kopo la chakula, akaitia mfukoni, akauliza pilau itaiva saa ngapi.

Funguo bado anayo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.